Kamba ya Šaro

Trieste, 21 Novemba 2024

Dada yangu mpenzi Rosanda,

Salamu nyingi, na heri ya sikukuu. Leo ni siku ya Malaika Mkuu Mikaeli, mlinzi wa nyumba yetu, na leo inatimia miaka thelathini na mitatu na siku arobaini tangu nitoke kijijini kwetu Mrkodol. Nimehesabu mara mbili kwenye kalenda. Siku arobaini kwetu ni hesabu ya marehemu, kwa hiyo nilipoiona nilicheka peke yangu jikoni, kisha nikaacha kucheka.

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, goti la kushoto likiwa limekuhurumia kidogo, na kuni zimeingizwa ndani kabla ya theluji. Mbwa wako wanaendeleaje, Garo na Bijela, na wale wawili uliowaokota barabarani? Paka kipofu bado analala ndani ya beseni la unga? Mwambie, kama anasikia lugha ya watu, kwamba namsalimu.

Mimi ni mzima kadiri mtu wa miaka themanini na miwili anavyoweza kuwa mzima. Upepo wa bura umevuma siku tatu, umeng'oa vigae vya jirani na kunifungia ndani. Nimewasha mshumaa, nimechemsha ngano, na mkate wa sikukuu nimeuoka mwenyewe. Umeungua chini na mbichi katikati. Marehemu mke wangu Milena angenitazama tu. Aliyeula bila malalamiko ni Bimba, yule mbwa jike mdogo niliyekuandikia habari zake, aliyeachwa na jirani yangu alipofariki. Sasa ana miaka kumi na miwili na meno sita. Watu wa jengo hili wananicheka kwa sababu sijawahi kumfunga kamba. Hapa ni sheria mbwa kufungwa, na askari wa manispaa amenikemea mara mbili. Mara ya pili aliniuliza, "Mzee, hiyo kamba inakuuma wewe au inamuuma mbwa?" Barabarani namkumbatia kifuani kama mtoto, nikifika bustanini namwachia. Kwa nini sifungi mbwa, nitakuambia humu humu, ukinivumilia hadi mwisho.

Barua yako ya mwezi wa kumi niliipata. Nimeisoma hadi mikunjo imekatika. Uliniandikia kwamba mwanangu Veljko alikuja na watu wawili kutoka mjini, wakapima uwanja kwa utepe na kuweka alama nyekundu kwenye ukuta wa zizi. Kwamba alikunywa kahawa yako, akakuambia kwa upole kuwa nyumba itabomolewa zijengwe vibanda vya watalii, na kwamba amekupatia nafasi katika makao ya wazee huko pwani, pasafi, penye joto, ila mbwa hawaruhusiwi. Ulipomuuliza mbwa watakwenda wapi, akasema, "Shangazi, mbwa ni mbwa. Tutawatafutia njia." Ukaniandikia kwamba njia hiyo unaijua, ina urefu wa risasi moja.

Kilichonikosesha raha ni ombi lako. Hukuomba nyumba. Mtu uliyezaliwa humo, ukamwosha baba humo miaka sita akiwa hajiwezi, ukafundisha nusu ya watoto wa Mrkodol kusoma kwenye ile meza ya jikoni shule ilipofungwa. Hukuomba hata chumba kimoja. Uliomba tu nisitie sahihi mpaka majira ya kuchipua, kwa kuwa Garo ana miaka kumi na mitano na hawezi kushuka mlima kwenye barafu, na ungependa afie mahali anapopajua. Halafu ukaongeza, kama unavyoongeza kila mwaka, niwashe mshumaa kwa ajili ya baba, apate usingizi.

Veljko naye alinipigia simu wiki ileile. Alisema karatasi za idhini ameshanitumia, kazi yangu ni sahihi tu. Nilimuuliza kama ameongea na wewe vizuri. Akasema, "Baba, shangazi ana shida gani? Yeye keshasaini tangu zamani. Nyumba ni yako, kesho ni yangu. Kwani nimebuni mimi?" Sikuweza kumkasirikia. Hakubuni yeye. Ametamka tu kwa lugha ya biashara jambo nililomfundisha mimi kwa lugha ya heshima.

Rosanda, unakumbuka baba alivyokuwa akijibu wageni walipomuuliza ana watoto wangapi? "Nina mtoto mmoja," alikuwa akisema, "na, uniwie radhi, binti mmoja." Neno hilohilo la kuomba radhi alilisema kabla ya kutaja nguruwe, au choo, au mbwa. Hakuwa mtu mbaya. Alikupenda kuliko alivyonipenda mimi. Ulipomkimbia yule mume wako na mkono umevunjika, na wanaume wote wa ukoo wakasema urudishwe, baba alikwenda kukaa mlangoni na shoka magotini, akasema atakayemrudisha apite hapo kwanza. Mtu huyohuyo, kesho yake, mgeni alipomuuliza ni nani yule mwanamke aliyeko ndani, akasema, "Uniwie radhi, ni binti yangu." Nimesoma vitabu vingi kuhusu haki na dini katika miaka hii, hata vile vizito vya Kijerumani, na bado sijakutana na maelezo yanayoweza kuyaweka mambo hayo mawili ndani ya mtu mmoja. Lakini nilimjua mtu huyo, na ninamwona kila ninaponyoa ndevu.

Wewe ulikuwa wa kwanza Mrkodol kusema sheria inasema nini. Ilikuwa usiku wa tatu kabla baba hajafa, amelala, mkono wake juu ya kichwa cha Šaro, kwa kuwa ulikuwa umemruhusu mbwa aingie chumbani ingawa majirani walisema ni uchafu. Uliniambia bila kupandisha sauti kwamba mahakamani hutakwenda kuniachia fungu lako kama dada wengine wanavyowaachia kaka zao. Kwamba sheria ni nusu kwa nusu, na kwamba nusu yako umeshaifanyia kazi. Nilikujibu kwamba watu watasema. Ukaniambia, "Waseme. Tangu lini wamenyamaza?" Nilikuheshimu kwa neno hilo. Na nililiogopa. Dada anayemnyima kaka fungu lake, kwetu ni aibu ya nani? Ya kaka. Watasema mwalimu Novica ameshindwa hata na mwanamke aliyeachika.

Hapa Trieste, dada, mimi ni mtu wa kuheshimiwa. Hujui hili kwa sababu sikuwahi kukuandikia. Niliona haya, sasa utaelewa ni kwa nini. Mwaka ule wa vita karatasi ya kuitwa jeshini ilipoletwa, na wenzangu wakaenda kuuchoma mji wa watu uliokuwa haujawakosea kitu, mimi nilimchukua Milena na Veljko tukavuka mpaka. Kijijini waliniita mwoga. Wakabandika jina langu kwenye mlango wa duka, ukalibandua wewe. Hapa gazeti moja lilinihoji, likaandika kwamba mimi ni mtu wa dhamiri. Nilialikwa shule tatu kuzungumza na vijana. Msichana mmoja aliniuliza nilipata wapi ujasiri wa kusema hapana wakati kila mtu anasema ndiyo. Nilimpa jibu zuri.

Mwezi uliopita, baada ya barua yako, nilikwenda kwa padri wetu wa hapa. Ni kijana, ana umri wa Veljko, na ana paka watatu ambao huingia kanisani wapendavyo. Nilianza kwa kumuuliza swali la mbali, kama wazee wanavyofanya. Nilimuuliza kwa nini paka anaruhusiwa kanisani na mbwa haruhusiwi. Akasema ni desturi ya kale, na kwamba mbwa akiingia kuna sala fupi ya kulitakasa kanisa, isiyozidi dakika tano. Akacheka, akasema watu huingia kila Jumapili na hakuna aliyeandika sala ya kutakasa baada yao. Nikamuuliza pia kuhusu imani ya watu wa kwetu, kwamba mnyama akipita juu au chini ya jeneza, marehemu hatulii kaburini, hutangatanga. Hapo aliacha kucheka. Alisema kanisa halifundishi hivyo, halijawahi kufundisha hivyo. Ndipo nikamweleza lote. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema sala ya maondoleo anaweza kunisomea, lakini ataona aibu kuisoma. "Uliyemkosea yu hai," akasema, "na anwani yake unayo."

Basi nisikilize, mdogo wangu.

Asubuhi ya mazishi ya baba, ile Februari ya mwaka tisini na moja, wewe ulimfunga Šaro zizini. Padri Mihailo alikuwa amepanda mlima kwa muda wa saa nne kwenye theluji, na kanisa letu lilikuwa halijafunguliwa kwa mazishi miaka mingi. Kila mtu alitaka mambo yaende kama zamani. Padri alituonya mbwa asisogee. Ukamfunga kwa kamba ya katani, mafundo mawili. Nilikuona kutoka dirishani. Fundo lako lilikuwa zuri. Hata farasi asingelifungua.

Wanaume walikuwa uwanjani wanavuta sigara na kupitishana chupa ya rakia, wanawake ndani wakiomboleza. Mbwa alikuwa akilia. Unakumbuka alivyolia? Baba mdogo Milutin alisema, "Huyo naye anataka zamu ya kuomboleza," watu wakacheka kidogo. Nilizunguka nyuma ya zizi kuvuta sigara peke yangu. Šaro alikuwa amevuta kamba hadi imemkata shingo, theluji ya mlangoni pa zizi imepata madoadoa ya damu. Alikuwa ni mbwa aliyelala miguuni pa baba miaka tisa. Nilipiga magoti, nikafungua fundo lako. Lilinichukua muda, vidole vilikuwa baridi, nikamalizia kwa meno. Nilimwambia akae. Akakaa. Nilikusudia kufunga mlango wa zizi na lango la uwanja, na hapo nikaitwa, kwa kuwa jeneza lilikuwa linatolewa na mwana ndiye hushika mbele.

Lango sikulifunga. Kwa miaka thelathini na mitatu nimejiuliza kama nilisahau, au kama kulikuwa na sehemu ya moyo wangu iliyotaka mbwa amfuate mwenyewe. Sijui. Kama ningejua ningekuambia.

Yaliyofuata unayajua, lakini uliyaona kutoka upande wa wanawake. Mimi nilikuwa kichwani pa jeneza na mshumaa mkononi. Nilimwona Šaro akiingia mlangoni na theluji mgongoni. Alipita katikati ya miguu ya watu bila haraka, akaingia chini ya jeneza, akajilaza, akashusha pumzi kama mtu aliyefika. Padri Mihailo akanyamaza katikati ya neno. Hapakuwa na sauti ila chetezo kikigonga mnyororo wake. Kisha Baba mdogo Milutin akauliza kwa sauti kubwa, ndani ya kanisa, "Nani alimfunga huyu?" Kanisa zima likageuka upande wenu.

Ukasema, "Mimi."

Ulisema kweli. Uliulizwa nani alifunga, ukajibu. Hakuna aliyeuliza nani alifungua. Nilikuwa na nafasi, Rosanda. Hata sasa naweza kuipima nafasi ile: padri alifuta miwani, shangazi mmoja akajipiga kifua, nta ya mshumaa ikanidondokea kidoleni, na katika yote hayo nilikuwa na mdomo. Sikusema. Milutin alimvuta mbwa kwa miguu ya nyuma. Tulisikia mlio wa bunduki padri akiwa amerudia kusoma, na yule mzee akarudi na theluji kwenye viatu, akasimama mahali pake, akafanya ishara ya msalaba.

Tangu siku hiyo umebeba mambo mawili ambayo hayakuwa yako. Kwamba Šaro alikufa kwa sababu ya uzembe wako, na kwamba baba hapumziki. Wanawake walikuambia hivyo kwenye chakula cha matanga, mbele yangu, huku ukiwagawia supu. Na wiki ya pili, ulipokuwa bado unasema kwa sauti dhaifu kwamba sheria ni nusu kwa nusu, Milutin alikuja jikoni akakuambia, "Baba yako umemkosesha usingizi. Sasa unataka na mwanawe umkoseshe nyumba?" Nilikuwa nimekaa mezani. Nilikuwa nakata mkate. Niliendelea kuukata mpaka ukaisha.

Mwezi Machi tulikwenda mahakamani. Karani alikuuliza kama unaacha fungu lako kwa hiari yako. Ukasema, "Namwachia kaka yangu." Nikakubusu kwenye paji la uso kama ada inavyotaka, watu wakasema huyu ndiye dada. Nikakununulia koti la kahawia. Hukulivaa hata siku moja. Uliwahi kuniandikia kwamba linafaa sana kwa kulalia mbwa, na nilidhani unanitania, kisha nikaelewa kwamba hukuwa unanitania wala kunishutumu. Ulikuwa unanipa habari za koti.

Nimefikiri sana kwa nini baada ya hapo ulianza kuokota mbwa. Kijijini wanakuita Rosanda wa Mbwa, nafahamu. Veljko alinisimulia huku akicheka. Nadhani tangu mwaka ule unamlipia Šaro, mmoja baada ya mwingine, na kila baridi unalala jikoni na kundi zima ili pasiwepo tena anayelia nje. Hukuwa na la kulipia. Fundo lilikuwa zuri. Ningeweza kukuandikia maneno hayo matatu kwenye kadi ya posta mwaka wowote kati ya hii yote.

Kuhusu baba, sikuahidi kitu, kwa kuwa sina uhakika tena ninaamini nini. Lakini kama kuna mtu anayemkosesha usingizi, si mbwa aliyemlalia chini ya jeneza kama alivyomlalia chini ya kitanda. Usimwashie tena mshumaa wa kuomba msamaha. Mwashie wa kumkumbuka tu. Ule mwingine ni wangu, nitauwasha mimi.

Jana, bura ilipotulia kwa saa mbili, nilimkumbatia Bimba nikashuka naye mjini hadi kwa mwanasheria anayethibitisha hati. Karatasi za Veljko sikutia sahihi. Nilitia sahihi nyingine. Nyumba, zizi, bustani ya miplamu na malisho ya juu ni vyako, vyote, si nusu. Hati imetumwa kwa wakili mjini kwenu. Atakupigia simu, atakuja hapo hapo nyumbani, huna haja ya kushuka kwenye barafu. Utahitajika kutia sahihi, na naomba usiogope kalamu. Safari hii ni sahihi ya kupokea. Ukitaka kuikataa kwa hasira, ni haki yako pia, ila ngoja mpaka Garo afe kwa amani.

Veljko nimemwambia. Akasema kwenye simu, "Kwa ajili ya mbwa, baba?" Nikamwambia ndiyo, kwa ajili ya mbwa. Hajapiga tena. Akija hapo, mpe kahawa, lakini alama zake nyekundu mwambie azifute mwenyewe.

Na lile eneo la kaburi upande wa kushoto wa baba, ambalo Milutin alilipima kwa hatua zake akasema ni la mwana, ni lako. Uliniandikia mwaka mmoja kwamba umeshajichagulia kona ya ukutani, kwenye miiba, wanapozikwa wanawake walioachika wakarudi kwao. Achana na kona hiyo. Lala pale kwa baba. Atakayeuliza kwa nini, mwonyeshe barua hii. Nimeiandika kwa mkono ili waujue mwandiko; nusu yao nimewafundisha mimi.

Msamaha siombi. Ningeuomba ungenipa jioni ileile, nakujua, na ningekuwa nimekuchukulia kitu kingine tena bila kukulipa. Mtu akiniuliza hapa kama nina ndugu, namjibu kwamba ninaye dada, mwalimu, anaishi nyumbani kwake. Simwombi mtu radhi.

Nisalimie jirani yako Vidosava kama bado anakuletea maziwa, na wote wanaoniulizia, kama wapo. Mpapase Garo kati ya masikio. Fungia madirisha ya upande wa kaskazini kwa magunia, upepo huu unakuja huko. Mimi, mdogo wangu, sitarudi.

Kaka yako,
Novica